Kijiko cha Mwalimu Bonareri

Nyumbani kwa Mwalimu Bonareri, Ijumaa ilikuwa siku ya kazi nyingi. Familia yake ilikuwa ya Kisabato. Kila kitu kilipaswa kuwa tayari kabla ya jua kutua. Ishmael, mwanawe, alirudi kutoka kituo cha kuuzia majani ya chai, akanawa, kisha akapiga viatu vyote rangi. Orpah, mke wa Ishmael, alipika maharagwe na ndizi. Mtoto wao Mose, mwenye umri wa miaka miwili, alimfuata nyanya yake kila alikokwenda.

Mwalimu Bonareri alikuwa amestaafu. Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka thelathini na minne. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko wa chai, juu kidogo ya soko la Masimba. Majirani wote walizungumza Ekegusii, lugha ya Wagusii, naye pia. Lakini wakati wa chakula, mezani pake palizungumzwa Kiswahili. Sentensi mbovu ilirudishwa kwa mwenyewe kama sahani isiyooshwa vizuri.

"Mama, kijiko yangu iko wapi?" Ishmael aliuliza.

"Kijiko changu kiko wapi," Mwalimu alisema bila kuinua macho.

"Chako sijui kilipo, Mama. Mimi natafuta yangu."

Orpah aliinama akaficha kicheko chake ndani ya leso.

Jioni hiyo aliwasili Nyanchera, kitinda mimba wa Mwalimu. Nyanchera alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, katika chuo kimoja cha afya mjini Kisii. Alikuwa amepanga chumba katika mtaa wa Nyanchwa. Kifuani alivaa saa ndogo ya wauguzi, ile inayoning'inia kichwa chini. Mama yake ndiye aliyemnunulia.

Kesho yake kanisani, mzee wa kanisa alimwomba Nyanchera asimame.

"Ndugu zangu, mwoneni daktari wetu!" mzee alisema. Watu wakaitikia kwa furaha.

"Muuguzi," Mwalimu alimnong'oneza jirani yake. "Daktari ni neno lingine." Lakini alikuwa anatabasamu.

Baada ya ibada, wageni wanane walikuja kula. Mose alikuwa na joto jingi tangu asubuhi. Orpah alikuwa amemvika sweta mbili na kofia, kisha akamfunika blanketi. Nyanchera aliona. Alijua kwamba mtoto mwenye homa havikwi nguo nyingi. Alijua pia kwamba mtoto mwenye joto kama lile hupelekwa kupimwa. Lakini sebule ilikuwa imejaa watu wazima. Alijiambia kwamba angesema wageni wakiondoka.

Wageni walikuwa bado mezani Mose alipokakamaa. Macho yake yalipinduka. Mikono na miguu yake ikaanza kutikisika kwa nguvu. Povu likamtoka.

"Degedege!" mama mmoja alipiga kelele. "Atameza ulimi!"

"Leteni kijiko!" Mwalimu Bonareri aliamuru.

Watu waligeuka wakamtazama Nyanchera. Yeye ndiye aliyesimamishwa kanisani asubuhi ile. Jibu alilijua. Alikuwa ameliandika katika mtihani: mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vilivyo karibu naye, tazama saa, usimtie kitu chochote kinywani. Alikuwa amepata alama tisini na mbili.

Lakini Wagusii wana neno chinsoni. Ndani ya neno hilo moja mna heshima na mna haya. Mtoto hamkosoi mzazi wake mbele za watu. Mtoto aliyelelewa vizuri hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nyanchera alikuwa amelelewa vizuri.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "usiweke kijiko kwa mdomo."

"Kinywani," Mwalimu alijibu huku akimshika mtoto taya. "Kitu hutiwa kinywani."

Akakitia.

Chuma kiligonga jino. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya punje ya mahindi inayopasuka motoni. Damu ikachanganyika na povu. Nyanchera alibaki amesimama. Mkono wake ulikuwa umeishika saa yake, lakini hakuitazama.

Baada ya muda mtetemo ulikwisha wenyewe. Hata hivyo, Mose hakupumua vizuri. Kila alipovuta pumzi, koo lake lilitoa mluzi. Jirani yao Nyangau alikimbia kuleta gari lake, wakampeleka mtoto hospitalini.

Daktari aliwauliza maswali haraka haraka huku akimchunguza mtoto.

"Alitikisika kwa dakika ngapi?"

Hakuna aliyejua. Saa ya Nyanchera ilikuwa inaning'inia kifuani pake, mbele ya macho ya daktari.

"Mlimtia kitu chochote kinywani?"

Orpah alimtazama mama mkwe wake. Mwalimu alitazama sakafu. Nyanchera alitazama viatu vyake, ambavyo Ishmael alikuwa amevipiga rangi vizuri sana.

"Hapana," Ishmael alisema.

Basi daktari aliuamini uongo huo. Alianza kutafuta sababu kifuani. Alimwekea mtoto hewa ya oksijeni. Alimpima homa, malaria na sukari ya damu. Mluzi haukukoma. Dakika nyingi zilipita kabla daktari hajaona pengo kwenye ufizi wa mtoto. Hapo aliomba taa. Alitazama kooni, akaingiza koleo ndogo, akatoa kipande cha jino. Mose alilia kwa sauti kamili, naye Orpah akalia pamoja naye.

Daktari aliweka kipande kile juu ya pamba. Hakumgombeza mtu. Aliitazama tu saa iliyoning'inia.

"Wewe ni mwanafunzi wa uuguzi?"

"Ndiyo, daktari."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

Daktari alitikisa kichwa taratibu, akarudi kwa mgonjwa wake. Nyanchera angalifurahi kama angalitukanwa.

Mose alipona, akarudi nyumbani. Lakini kila alipocheka, pengo lilionekana mbele kabisa. Kwa hiyo watu wa nyumba ile wakaacha kumchekesha.

Jambo jingine lilibadilika. Mezani, Ishmael alisema, "Chai imekwisha, leta ingine." Hakusahihishwa. Orpah alisema, "Kuku zimetaga." Hakusahihishwa. Mwalimu Bonareri alikula kimya, akainuka. Ishmael na mkewe walitazamana kwa hofu. Hawakuwahi kudhani kwamba siku moja wangetamani kusahihishwa.

Kijiko kile hakikuonekana tena kabatini. Hakuna aliyeuliza kilikokwenda.

Chuoni, Nyanchera aliivua saa yake, akaifunga ndani ya soksi. Jumatatu alikwenda ofisini kwa Bwana Ouma, aliyewafundisha somo la dharura za watoto. Bwana Ouma alitoka katika kaunti moja ya kando ya ziwa. Alikuwa na sauti nene na subira nyingi.

"Mwalimu, nimekuja kuomba barua ya kuacha masomo," Nyanchera alisema.

"Kwa sababu gani?"

Nyanchera alimweleza yote. Alimweleza kuhusu kijiko, jino, na lile jibu la Ishmael hospitalini. Alisimulia huku akiutazama ukingo wa meza.

"Katika mtihani wangu ulipata alama ngapi?" Bwana Ouma aliuliza.

"Tisini na mbili."

"Basi kichwa chako kinajua. Mdomo na mikono ndivyo havijui. Mimi nilikupa alama za kichwa tu. Kwa hiyo hata mimi nina sehemu yangu katika kosa hili."

Akafungua droo, akaifunga tena bila kutoa kitu.

"Nitakuambia jambo. Mimi nilijifunza degedege kwa mtoto wa mtu. Nilikuwa mwanafunzi kama wewe. Nilibabaika, na muda ukapita. Mtoto yule aliishi, lakini si kwa sababu yangu. Hadi leo naikumbuka rangi ya kitambaa cha kichwa cha mama yake. Kilikuwa cha kijani. Sitaki nyinyi mjifunze hivyo. Njoo."

Alimpeleka katika chumba kilichokuwa ghala zamani. Ndani mlikuwa na wanafunzi wachache na kompyuta moja. Mezani palikuwa na miwani minene, kama ile ya fundi anayechomelea vyuma. Haikuwa na vioo vya kuonea nje.

"Hii ni miwani ya uhalisia pepe," Bwana Ouma alisema. "Ukiivaa, hutatuona sisi. Utaona chumba kingine pande zote. Ukigeuza kichwa, utaona kilicho nyuma yako. Ndani yake yumo mtoto mgonjwa. Vishikio hivi viwili ndivyo mikono yako. Lolote utakalomfanyia, hali yake itabadilika. Ukikosea, ataonyesha kwamba umekosea. Lakini yeye si mtoto wa mtu. Unaweza kukosea mara ishirini, ukarudia."

"Je, tutaacha kwenda wodini?"

"La. Miwani haina uzito wa mtoto. Ukimaliza humo, utafanya mazoezi kwa mwanasesere, ili mikono ijue. Kisha utakwenda wodini pamoja na mimi. Miwani ni hatua ya kwanza tu."

Nyanchera aliivaa. Mara akajikuta sebuleni mwa nyumba ya kawaida. Palikuwa na kochi, kalenda ukutani, na mtoto sakafuni. Mtoto akaanza kutikisika. Nyanchera aliinama na kunyoosha mikono hewani.

"Nyanchera, unapangusa buibui?" Abner, mwanafunzi mwenzake, alimtania. Wengine wakacheka. Nyanchera aliona haya, lakini aliendelea. Alimlaza mtoto kwa ubavu. Alisukuma stuli kando.

Ndipo akatokea bibi mmoja mwenye kanga begani. Mkononi alikuwa na kijiko.

"We msichana, mtoto atameza ulimi!" bibi alisema. "Weka kijiko kwa mdomo!"

Nyanchera aliganda. Kinywa chake kilifunguka, lakini neno halikutoka. Bibi aliinama, akatia kijiko. Midomo ya mtoto ikageuka kuwa ya buluu. Kengele ikalia. Picha ikasimama.

Nyanchera aliivua miwani. Uso wake ulikuwa umelowa machozi. Abner aliacha kucheka.

"Mtoto huyu hakuumia," Bwana Ouma alisema. "Mtoto huyu hayupo."

"Lakini mimi nipo, Mwalimu. Mimi ni yuleyule."

"Ndiyo maana utarudia. Unafikiri nilimweka bibi humo kwa mchezo? Kila mwaka naona wanafunzi wenye alama nzuri wakishindwa mahali hapohapo. Hawashindwi na ugonjwa. Wanashindwa na mzee."

"Bibi huyu ni nani?" Abner aliuliza. "Sauti yake naijua."

"Ni Mama Achola wa jikoni. Nilimrekodi. Alinitoza chapati mbili."

Wote wakacheka, hata Nyanchera kidogo.

"Sasa nisikilizeni," Bwana Ouma alisema. "Ulimi umeshikamana chini kinywani. Mtoto hawezi kuumeza. Kijiko ndicho kinachomletea hatari: huvunja jino, hujeruhi, huziba njia ya hewa. Msimtie kijiko, wala kidole, wala dawa, wala maji. Msimshike kwa nguvu ili kumzuia asitikisike. Msimmwagie maji baridi. Mlazeni kwa ubavu ili povu litoke nje. Legezeni nguo zake. Tazameni saa. Degedege likikoma, mwacheni alale kwa ubavu, kisha mpelekeni hospitalini, hata kama anaonekana mzima, kwa maana homa ina sababu yake. Likipita dakika tano, au mtoto akipumua kwa shida, msingoje likome. Mpelekeni mara moja."

"Na mzee je?" Nyanchera aliuliza.

"Mzee anayekuja na kijiko anataka kusaidia. Mikono yake inatafuta kazi. Ukimnyang'anya kijiko mbele za watu, umemvunjia heshima, naye atagombana nawe. Mpe kazi nyingine. Mwambie kwa heshima, lakini kwa sauti inayosikika."

Nyanchera alirudia. Mara ya pili alishindwa. Mara ya tatu alisema "Hapana" kwa sauti ndogo mno, na mashine haikumsikia. Alirudi Jumatano. Alirudi Ijumaa. Mara ya saba alisema, "Bibi, tafadhali weka kijiko mezani. Nakuomba unihesabie dakika kwa sauti." Yule bibi wa ndani ya miwani alisimama, akaweka kijiko chini. Mtoto akapumua.

Baada ya hapo alifanya mazoezi kwa mwanasesere hadi magoti yakamuuma. Siku iliyofuata alikuja ameivaa saa yake tena.

Mwezi uliofuata Nyanchera alikwenda nyumbani. Baada ya chakula cha jioni hakuinuka mezani.

"Mama, kuna jambo nataka kulisema," alianza. Moyo ulimdunda kuliko mara ile ya kwanza ndani ya miwani. "Siku ile ya Sabato tulimkosea Mose. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Ishmael aliacha kutafuna. Orpah alimvuta mtoto karibu naye.

Mwalimu Bonareri alisukuma sahani yake kando.

"Mimi sikujua," alisema, "nikasema."

Alifungua mkoba wake, ule aliozoea kwenda nao kanisani. Akatoa kijiko kilichofungwa kwa leso, akakiweka mezani. Alikuwa amekibeba wiki zote zile.

"Mimi ndimi niliyedanganya hospitalini," Ishmael alisema. "Sikutaka Mama aaibike."

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kutumia "ndimi" kwa usahihi. Hakuna aliyetaja jambo hilo.

Nyanchera aliwafundisha usiku uleule. Mose mwenyewe aliigiza mgonjwa. Alilala kwa ubavu kwenye mkeka, akatikisa miguu, akacheka hadi pengo likaonekana lote. Safari hii walimwacha acheke. Orpah alijifunza kulegeza nguo. Ishmael alijifunza kuondoa viti na kuita gari. Nyanchera akamgeukia mama yake.

"Mama, wewe utahesabu dakika kwa sauti. Bila hesabu yako, daktari hatajua la kufanya."

"Nitahesabu," Mwalimu alisema.

Wiki tatu baadaye, Nyanchera akiwa katika likizo ya katikati ya muhula, Mose aliamka na homa. Mara hii hawakungoja. Walimvika nguo nyepesi, wakampa dawa ya homa kwa kipimo alichoandikiwa na daktari, kisha Orpah, Mwalimu na Nyanchera wakateremka naye hadi Masimba. Nyangau alikuwa ameahidi kuwachukua kwa gari lake kutoka hapo.

Walikuwa wamesimama kando ya duka la mbegu Mose alipokakamaa mikononi mwa Orpah.

Watu walijaa mara moja. Ilikuwa siku ya soko. Nyanchera alitandaza leso chini, akamlaza mtoto kwa ubavu. Orpah alilegeza shati.

"Mama, hesabu!" Nyanchera alisema.

Mwalimu Bonareri aliinua saa yake ya mkononi. Kabla hajaanza, mwanamke mmoja alitoka mbio katika hoteli ya ng'ambo. Alikuwa na aproni yenye unga na kijiko mkononi.

"Nyinyi mnangoja nini? Mtoto atameza ulimi! Shika, mama, weka hii kijiko kwa mdomo!"

Alikinyoosha kijiko kwa Mwalimu. Nyanchera aliuona mkono wa mama yake ukiinuka kukipokea. Uliinuka wenyewe, kama unavyoinuka mkono wa mtu anayesalimiwa. Umati wote ulikuwa unatazama. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa zamani wa Mwalimu.

"Mama," Nyanchera alisema. Hakunong'ona. Sauti yake ilifika hadi ng'ambo ya barabara. "Hakuna kitu inaingia kwa mdomo yake. Tafadhali, hesabu dakika."

Alisikia makosa yake mwenyewe. Aliyangoja masahihisho.

Mkono wa Mwalimu ulisimama hewani. Kisha ukarudi kwenye saa.

"Dakika moja," Mwalimu Bonareri alisema kwa sauti ya darasani.

"Huyu mzee ni wa aina gani?" yule wa hoteli alifoka. "Anaangalia saa na mtoto anakufa! Ametumwa kumuua?"

Uso wa Mwalimu uliwaka kwa aibu. Hakumjibu. Hakuyaondoa macho kwenye saa.

"Dakika moja na nusu. Rudini nyuma, apate hewa. Dakika mbili."

Povu lilitoka kwa upande, likadondoka kwenye leso. Halikurudi kooni. Kabla ya dakika ya tatu kutimia, mikono ya Mose ililegea. Alivuta pumzi ndefu. Nyanchera alisikiliza. Hapakuwa na mluzi. Gari la Nyangau lilikuwa limefika.

Hospitalini walimkuta daktari yuleyule. Aliwatambua, na wao wakaona kwamba amewatambua.

"Alitikisika kwa dakika ngapi?"

"Dakika mbili na sekunde arobaini," Mwalimu alisema.

"Mlimtia kitu chochote kinywani?"

"Leo hatukumtia kitu." Mwalimu alisimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Mara ile tulikudanganya. Mimi ndimi niliyemtia kijiko. Mimi ndimi niliyelivunja jino. Kijana wangu alisema uongo ili anisitiri, nami nilimwacha."

Nyanchera hakuwahi kumwona mama yake hivyo.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Asante kwa kuniambia, Mwalimu. Kama ningaliambiwa mara ile, ningalianza kwa kutazama koo. Mimi simfungi mtu kwa sababu ya kijiko. Ninachohitaji ni ukweli, na ninauhitaji mapema."

Alimpima Mose, akakuta malaria, akaanza kumtibu. Kisha akamgeukia Nyanchera, akaitazama saa iliyoning'inia.

"Mwaka wa pili bado?"

"Bado, daktari."

"Endelea."

Mwisho wa muhula, chuo kiliwaalika wazazi. Mwalimu Bonareri alivaa mavazi yake ya Sabato ingawa ilikuwa Alhamisi. Alitaka kuiona miwani. Bwana Ouma alimvisha mwenyewe, akarekebisha mkanda juu ya kilemba chake.

Mwalimu aligeuza kichwa huku na huku. Ghafla akasimama imara. Wote walijua kwamba amemwona bibi mwenye kijiko.

"Weka kijiko kwa mdomo!" ilisikika sauti ya Mama Achola.

Mwalimu aliivua miwani.

"Nani aliyesema sentensi hii?"

"Ni mpishi wetu, Mama Achola," Bwana Ouma alijibu.

"Ni kosa. Kitu hutiwa kinywani."

Abner alitazama dari. Nyanchera alimkaribia mama yake.

"Mama," alisema kwa heshima, na kwa sauti iliyosikika na kila mtu, "hata kinywani ni kosa."

Mwalimu Bonareri alimtazama binti yake kwa muda. Mashavu yake yalibadilika rangi. Lakini hakuinamisha macho.

"Ndiyo," alisema. "Hata kinywani ni kosa."

Kisha akamgeukia Bwana Ouma. "Je, sauti ya mpishi huyo inawasaidia wanafunzi?"

Bwana Ouma alisita. "Kusema kweli, si sana. Mama Achola ana huruma. Siku hizi ni rahisi mno kumkatalia. Tunahitaji sauti ngumu. Sauti kama… samahani, Mwalimu."

"Usiombe samahani. Sauti kama yangu. Washa mashine yako."

Aliketi mbele ya kinasa sauti. Alinyoosha leso magotini. Akavuta pumzi.

"Leteni kijiko! Mtieni kinywani, asije akameza ulimi!"

Ilikuwa sauti ileile ya siku ile ya Sabato. Nyanchera alirudi nyuma hatua moja. Abner, bila kujua, alikuwa amenyoosha mkono mezani kutafuta kijiko.

"Vizuri sana," Bwana Ouma alisema. "Tafadhali, Mwalimu, irudie mara moja, isije ikawa mashine haikuinasa."

Mwalimu Bonareri alikuwa ameshainuka. Alikuwa anafungua mkoba wake. Akakitoa kile kijiko kilichofungwa kwa leso, akakiweka juu ya meza ya chuo, kando ya miwani.

"La," alisema. "Sentensi hiyo nimeisema mara mbili. Sitaisema mara ya tatu."